Kukata rufaa ya adhabu ukiwa na rekodi ya makosa: mwongozo kamili kwa mfungwa na ndugu zake

Wengi wakiletewa nakala ya hukumu ya ndugu yao husoma hadi pale hakimu aliposema "namtia hatiani", kisha wanaruka hadi mstari wa mwisho wenye idadi ya miaka. Katikati hapo pana kama nusu ukurasa, pengine mistari sita tu. Mwendesha mashtaka anaeleza kama mshtakiwa ana kumbukumbu za makosa ya nyuma, mshtakiwa anaomba apunguziwe adhabu, hakimu anaandika sababu za adhabu anayoitoa. Kwa mtu aliyewahi kufungwa huko nyuma, rufaa ya adhabu huzaliwa au hufia katika mistari hiyo.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Unamhusu mtu ambaye hatia yake haina ubishi mkubwa, pengine alikiri mwenyewe, ila kifungo alichopewa kimemlemea kwa sababu mahakama ilimwona ni mkosaji sugu. Kama kuna shaka kuhusu hatia yenyewe (ushahidi wa utambuzi, maungamo yaliyolazimishwa, shahidi muhimu asiyeitwa), rufaa ikatwe juu ya hatia na adhabu kwa pamoja, wala usiishie kwenye adhabu peke yake.

Jambo moja kabla hatujaanza. Namba za vifungu nitakazotaja ni zile zilizozoeleka kabla ya Julai 2025. Sheria za nchi, Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na namba nyingi za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, zimehama. Maudhui ya yale tunayozungumza hapa ni yaleyale, lakini unapoandika hati yako hakikisha namba ukitumia toleo jipya.

Kwanza kabisa: hesabu siku

Kesi iliyosikilizwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu. Kifungu cha 361 cha Sura ya 20 kinadai mambo mawili. La kwanza ni notisi ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu adhabu ilipotolewa. La pili ni hati yenyewe ya rufaa, ndani ya siku 45. Katika siku hizo 45 hauhesabiwi muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe mapema, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yake itunzwe. Siku ulipozipokea nakala nayo iandikwe mahali. Rufaa nyingi zinazotupwa kwa kuchelewa zingeokolewa na mhuri mmoja tu wa masjala.

Kesi ya Mahakama ya Mwanzo ina njia yake. Rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu ndani ya siku 30 nyingine, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11.

Aliye gerezani hahitaji kumtuma mtu mahakamani. Anaikabidhi hati yake kwa mkuu wa gereza, ambaye ana wajibu wa kuifikisha. Kila gereza lina ofisa anayeshughulikia rufaa, na wafungwa wenzake watamwelekeza siku ya kwanza tu. Ndugu wa nje kazi yao ni kufuatilia masjala kama kweli imefika.

Siku 10 zikipita si mwisho wa dunia. Kifungu hichohicho kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuruhusu rufaa iliyochelewa kama kuna sababu ya msingi. Yanapelekwa maombi ya kuongezewa muda pamoja na kiapo kinachoeleza ucheleweshaji ulitokana na nini, na kipindi chote cha kuchelewa kiwe na maelezo. Kwa mfungwa, kiapo cha ofisa wa gereza kinachothibitisha kwamba alitoa notisi kwa wakati, au alihamishwa gereza nakala zikiwa hazijafika, kina uzito kuliko kurasa tano za malalamiko.

Kupata karatasi zote

Usiandike sababu hata moja ya rufaa kabla hujashika vitu vitatu: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, na hukumu yenye sehemu ya adhabu. Nasisitiza mwenendo wa kesi kwa sababu nakala ya hukumu peke yake mara nyingi haionyeshi mwendesha mashtaka alisema nini kuhusu makosa ya nyuma na mshtakiwa alijibu nini. Hayo yako kwenye mwenendo.

Tafuta pia karatasi za kesi za zamani. Kama mwendesha mashtaka alidai ndugu yako alifungwa mwaka fulani kwa kosa fulani, nenda masjala ya mahakama iliyotajwa ukaombe nakala ya hukumu hiyo. Ni kazi ya miguu, na kwa faili la miaka kumi na tano iliyopita huenda ukaambiwa urudi kesho mara tatu. Rudi. Nitaeleza chini kwa nini.

Kuisoma ile nusu ukurasa

Tuchukue mfano. Huyu si mtu halisi, tumwite Shabani. Alishtakiwa Mahakama ya Wilaya kwa wizi wa pampu ya maji yenye thamani ya shilingi 180,000, akakiri kosa. Pampu ilikutwa kwake ikarudishwa kwa mwenyewe. Alikuwa amekaa mahabusu miezi minane kwa kukosa wadhamini. Mwenendo wa kesi unasomeka hivi:

Mwendesha mashtaka: Mshtakiwa ana makosa mawili ya nyuma ya wizi, mwaka 2011 na mwaka 2019. Tunaomba adhabu kali.
Mshtakiwa: Naomba mahakama inisamehe, nina watoto.
Adhabu: Kwa kuwa mshtakiwa ni mkosaji sugu na makosa ya aina hii yamekithiri, nampa kifungo cha miaka mitano jela ili iwe fundisho kwake na kwa wengine wenye tabia kama hiyo.

Mistari mitatu. Ukimwonyesha mtu wa mtaani atasema hakuna kitu hapo, mwizi kafungwa. Hebu tuichambue.

Swali la kwanza: makosa ya nyuma yalithibitishwa? Mwendesha mashtaka kusema tu hakutoshi. Mshtakiwa anapaswa kuelezwa kosa gani, mahakama gani, mwaka gani, kisha aulizwe kama anakubali. Akikubali na ikaandikwa, yamekwisha. Akikana, upande wa mashtaka unapaswa kuleta uthibitisho: nakala iliyothibitishwa ya hukumu ile, au kumbukumbu za alama za vidole, pamoja na ushahidi kwamba aliyetajwa humo ndiye huyu aliyesimama kizimbani. Majina yetu yanafanana mno. Shabani Juma wapo wangapi Tanga peke yake? Katika mfano wetu, Shabani hakuulizwa chochote. Kuomba kwake msamaha si kukubali kwamba alifungwa 2011 na 2019.

Swali la pili: je, ni makosa ya nyuma kweli? Hapa ndipo safari ya masjala inapolipa. Rekodi maana yake ni kutiwa hatiani na mahakama. Kukamatwa na kuachiwa haihesabiki. Kesi iliyofutwa haihesabiki, wala kesi ambayo bado inaendelea, wala hukumu iliyotenguliwa kwenye rufaa. Na ule usemi wa "anajulikana sana kituoni" hauna kazi yoyote katika kupanga adhabu. Tuseme ndugu wa Shabani wamepata faili la 2011 na kukuta lilikuwa kosa la kupatikana na bangi. Basi mahakama ilimpimia kifungo ikiamini ana wizi mara mbili, kumbe ana mmoja.

Swali la tatu: yana umri gani na yanafanana na kosa la sasa? Mtu aliyefungwa mwaka 2011 kisha akakaa miaka mingi bila kosa amejaribu kuishi vizuri, na mahakama inatakiwa iuone muda huo. Hali kadhalika kosa la kugombana kilabuni halimfanyi mtu kuwa mwizi sugu.

Swali la nne, ambalo naliona ndilo kiini cha rufaa zote za namna hii: rekodi ilitumiwa kufanya nini? Rekodi inamnyima mtu ile huruma anayopewa mkosaji wa mara ya kwanza. Inaweza pia kuonyesha kwamba onyo, faini au kifungo kifupi havikumsaidia. Haimpi hakimu ruhusa ya kumwadhibu upya kwa makosa ambayo alishayalipia. Adhabu lazima ibaki na uwiano na kosa la sasa, na hapa kosa la sasa ni pampu ya shilingi 180,000 iliyorudi kwa mwenyewe. Ukiona hakimu ametumia mistari yote kueleza ya zamani bila neno moja kuhusu uzito wa kosa lililo mbele yake, hiyo ni sababu ya rufaa.

Swali la tano: nini hakikuandikwa? Shabani alikiri, akaiokolea mahakama muda na mashahidi safari. Alikaa mahabusu miezi minane. Mali ilirudi. Mahakama zetu zimekubali mara nyingi kwamba kukiri kosa na muda uliokaliwa mahabusu ni mambo ya kuzingatiwa. Mahakama ya Rufani ililigusa hilo katika Bernadeta Paul dhidi ya Jamhuri, [1992] TLR 97 (TLR ni Tanzania Law Reports, vitabu vya kesi zilizoripotiwa). Kuwa na rekodi hakufuti mambo hayo. Yule ni mkosaji wa mara ya pili aliyekiri, tofauti na mkosaji wa mara ya pili aliyebisha hadi mwisho.

(Hilo la "fundisho kwa wengine" limekuwa kama "amina" ya hukumu zetu, mpaka magazeti yanalinukuu kila wiki. Halina kosa kisheria, kukomesha uhalifu ni lengo halali la adhabu. Tatizo ni pale linapokuwa sababu pekee.)

Je, adhabu yenyewe ni halali?

Ukali ni jambo moja na uhalali ni jingine. Yachunguze kando kando, maana rufaa juu ya uhalali ni nyepesi kushinda na inaweza kwenda mbali zaidi.

Angalia kifungu cha adhabu kwanza. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ukomo wake ni miaka saba. Rekodi hata iwe ndefu namna gani haiongezi ukomo huo. Zipo sheria zinazoweka adhabu nzito kwa anayerudia kosa, lakini hapo lazima kifungu chenyewe kiseme hivyo. Kumbuka pia kwamba adhabu ya juu kabisa imewekwa kwa ajili ya matukio mabaya kabisa ya kosa hilo.

Kisha angalia mamlaka ya hakimu. Kifungu cha 170 cha Sura ya 20 kinaziwekea mahakama za chini ukomo wa jumla wa miaka mitano, isipokuwa kwa makosa yenye kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Na kuna sharti ambalo familia nyingi hazilijui. Kifungo kinachozidi miezi 12 kwa makosa ya kawaida, kikitolewa na hakimu asiyefikia cheo cha Hakimu Mkazi Mwandamizi, hakitekelezwi hadi kithibitishwe na Jaji wa Mahakama Kuu. Soma cheo kilichoandikwa chini ya saini. Kama ni "Hakimu Mkazi" tu na kifungo ni miaka mitano, uliza kama jalada lilikwenda Mahakama Kuu kuthibitishwa. Jaji anayethibitisha anaweza kupunguza hata kabla rufaa haijaitwa.

Tatu, angalia kama vifungo vinakwenda sambamba au kimoja baada ya kingine. Hili linawaumiza sana wenye rekodi, kwa sababu mara nyingi mtu hukutwa na kesi ya pili akiwa bado anatumikia ya kwanza. Kanuni ya jumla ni kwamba kifungo kipya kinaanza cha kwanza kikiisha, isipokuwa mahakama iamuru viende pamoja. Hakimu akinyamaza, mtu anaumia. Ikiwa makosa yalitokana na tukio moja, utaratibu uliozoeleka ni kwenda sambamba, na kutofanya hivyo bila sababu ni hoja nzuri.

Nne, viwango vya chini. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka isiyopungua 30. Zipo adhabu za lazima pia kwa baadhi ya makosa ya kujamiiana, na Sheria ya Kiwango cha Chini cha Adhabu, Sura ya 90, ina orodha yake. Pale sheria ilipoweka kiwango, kukiri kosa na muda wa mahabusu havishushi chini yake. Usipoteze karatasi kuomba kisichowezekana. Elekeza nguvu kwenye hatia, au kwenye swali kama kosa lililothibitika ndilo kweli lenye kiwango hicho.

Pima kabla ya kukata

Hapa naomba uvute pumzi, kwa sababu rufaa ya adhabu inaweza kugeuka ikakung'ata.

Kifungu cha 366 cha Sura ya 20 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza adhabu, kuibadilisha, na kuiongeza. Mtu aliyepewa miaka 15 kwa kosa lenye kiwango cha chini cha miaka 30 akikata rufaa analalamikia ukali, jaji atalifungua jalada, ataona kosa, na wajibu wake ni kuweka adhabu inayotakiwa na sheria. Limetokea, na limetokea hadi Mahakama ya Rufani, ambako waliopewa miaka 30 kwa kumbaka mtoto chini ya umri wa miaka kumi wamejikuta na kifungo cha maisha. Mrufani anapaswa kupewa nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuongezewa, lakini pale adhabu inapokuwa ya lazima maneno yake hayabadilishi kitu. Na hata usipokata wewe, Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki ya kukata rufaa akiona adhabu ni ndogo; notisi yake ni ndani ya siku 30.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, jiulize: kifungo hiki kiko juu au chini ya kile sheria inachotaka? Kikiwa chini, nenda kwa wakili au msaidizi wa kisheria kwanza.

Hesabu nyingine ni ya kalenda. Chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 58, mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo. Aliyefungwa miezi 18 anaweza kutoka baada ya miezi 12. Ikiwa nakala za mwenendo zimechukua miezi mitano na rufaa inasubiri kupangiwa tarehe, huenda atatoka kabla ya kusikilizwa. Kwa vifungo vifupi, barua ya haraka kwa Jaji Mfawidhi kumwomba aliitishe jalada kwa mapitio chini ya kifungu cha 372 cha Sura ya 20 inaweza kusaidia kuliko rufaa kamili, hasa kama kasoro inaonekana kwa macho, mfano kifungo kimezidi ukomo. Mapitio si mbadala wa rufaa kwa yule aliyeacha muda upite, lakini Mahakama Kuu inaweza kujiitishia jalada yenyewe. Majaji pia hutembelea magereza kusikiliza malalamiko. Mfungwa mwenye namba ya kesi yake na sentensi mbili zilizonyooka hupata sikio siku hiyo.

Kuandika sababu za rufaa

Mahakama ya rufaa haianzi upya. Jaji hajiulizi "ningekuwa mimi ningempa miaka mingapi?" Msimamo huu ni wa tangu enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Ogalo s/o Owoura ya 1954, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeurudia katika Silvanus Leonard Nguruwe, [1981] TLR 66, na Mohamed Ratibu @ Said, Rufaa ya Jinai Na. 11 ya 2004. Adhabu inaguswa ikiwa mahakama ya chini ilifuata kanuni isiyo sahihi, iliacha jambo la msingi, ilizingatia jambo lisilostahili, ilitoa adhabu isiyo halali, au adhabu ni kubwa mno (ama ndogo mno) kiasi cha kuonekana wazi. Kila sababu yako lazima iingie katika mojawapo ya milango hiyo.

Kama mtu alikiri kosa, kifungu cha 360 cha Sura ya 20 kinamfungia rufaa juu ya hatia na kumwachia mambo mawili tu, ukubwa wa adhabu na uhalali wake. Isipokuwa kukiri kwenyewe kuwe na kasoro, mathalani maelezo ya kosa hayakusomwa, au yaliyosomwa hayaundi kosa. Misingi hiyo iko katika Laurent Mpinga, [1983] TLR 166.

Tazama sababu hizi mbili:

"Kwamba mheshimiwa hakimu alikosea kunipa adhabu kubwa wakati nina familia inayonitegemea na mimi ni binadamu kama wengine."

"Kwamba mheshimiwa hakimu alikosea kisheria kwa kuzingatia makosa mawili ya nyuma ambayo mrufani hakuulizwa kama anayakubali, na ambayo upande wa mashtaka haukuyathibitisha."

Ya kwanza inaomba huruma kwa mtu ambaye kazi yake si kuhurumia. Ya pili inamwonyesha jaji ukurasa. Kwa Shabani ningeongeza hizi:

"Kwamba kosa lililodaiwa kuwa la wizi la mwaka 2011 halikuwa la wizi, na hivyo mahakama iliongozwa na taarifa isiyo sahihi."

"Kwamba mahakama haikuzingatia kukiri kosa kwa mrufani, miezi minane aliyokaa mahabusu, na kurejeshwa kwa mali yote."

"Kwamba kifungo cha miaka mitano, kwa mali ya thamani ya shilingi 180,000, ni kikubwa kupita kiasi na kinamwadhibu mrufani upya kwa makosa aliyokwisha kuyatumikia."

Sababu nne zinatosha. Nimeona hati zenye sababu kumi na saba, nyingi zimenakiliwa kutoka hati ya mfungwa mwingine wa kesi ya ubakaji, zikimlaumu daktari ambaye hakuwahi kuitwa. Jaji akikutana na hizo anakosa imani hata na ile moja iliyo nzuri.

Na jambo hili naliweka wazi: kama rekodi ni ya kweli, usiikane. Wakili wa Serikali anaweza kuileta, na mrufani akishikwa na uongo mmoja, mengine yote yanaporomoka. Mwenye rekodi ya kweli ana hoja ya uzito, umri na uwiano wa ile rekodi. Hoja hiyo haihitaji uongo.

Mwishoni mwa hati sema unachoomba. "Naomba rufaa ikubaliwe" peke yake haitoshi. Omba kifungo kipunguzwe; kwa mbadala, kibadilishwe kuwa huduma kwa jamii pale adhabu isipozidi miaka mitatu; au vifungo viamriwe kwenda sambamba. Kwa mtu mwenye rekodi huduma kwa jamii ni ngumu kuipata, ila kuomba hakukatazwi, hasa kama ofisa ustawi wa jamii au mwenyekiti wa mtaa anaweza kueleza kwamba mtu huyo ana makazi na kazi inayojulikana.

Kumtafuta wa kukusaidia

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo wanaoingia magerezani. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, nyingine kwa Kiswahili. Tafuta kesi mbili au tatu za kosa lilelile, mtu mwenye rekodi inayofanana, uone walipewa miaka mingapi. Mahakama ina pia Mwongozo wa Utoaji Adhabu wa mwaka 2023. Kama kifungo kimeruka mbali na viwango vyake bila maelezo, taja hilo.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa inaweza kuombwa chini ya kifungu cha 368 cha Sura ya 20. Kwa mwenye rekodi, usiitegemee.

Siku ya kusikilizwa

Mrufani huletwa mahakamani au husikilizwa kwa video akiwa gerezani. Mara nyingi jaji atamuuliza kama ana la kuongeza kwenye sababu zake. Wengi husema "naomba nisikilizwe huruma" wakakaa. Afadhali aseme: "Mheshimiwa Jaji, naomba uangalie sehemu ya adhabu katika mwenendo wa kesi. Sikuulizwa kuhusu makosa ya nyuma. Nilikiri kosa. Nilikaa mahabusu miezi minane." Dakika moja imetosha. Ajifunze sentensi hizo kwa moyo.

Baada yake anasimama Wakili wa Serikali. Usishangae akisema hapingi rufaa upande wa adhabu; kasoro ikiwa wazi, wengi wao husema hivyo. Akipinga, mrufani ana nafasi ya kujibu, na ajibu alichosikia badala ya kurudia hotuba yake.

Uamuzi unaweza kuwa kuitupa rufaa, kupunguza miaka, kuamuru vifungo viende sambamba, au kusema kifungo kilichokwisha kutumikiwa kinatosha na mtu aachiliwe mara moja "isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali". Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa kwa mwenye kesi zaidi ya moja. Hakikisha mapema kama ana hati nyingine ya kumshikilia.

Ikishindikana Mahakama Kuu

Kwa kesi iliyoanzia Wilaya au kwa Hakimu Mkazi, kifungu cha 6(7) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kinaruhusu kwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja ya kisheria, na kinasema waziwazi kwamba ukali wa adhabu haumo. Maana yake, hoja ya "miaka mitano ni mingi" inaishia Mahakama Kuu. Inayoweza kupanda ni ile ya uhalali: kifungo kimezidi ukomo, mahakama haikuwa na mamlaka, rekodi ilitumika bila kuthibitishwa. Notisi ni ndani ya siku 30. Ndiyo sababu tangu mwanzo nilisema uhalali na ukali viandikwe kama sababu mbili tofauti. Ukivichanganya katika sentensi moja unaweza kujikuta huna cha kupandisha. Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu yenyewe ni tofauti kidogo, huko adhabu inaweza kulalamikiwa Mahakama ya Rufani, isipokuwa ile iliyowekwa na sheria kama ya kunyongwa kwa kuua kwa kukusudia.

Adhabu ikipunguzwa, kazi ya ndugu haijaisha siku hiyo. Chukua nakala ya hukumu ya rufaa yenye mhuri, ipeleke gerezani mwenyewe, umuulize ofisa wa kumbukumbu tarehe mpya ya kutoka ni ipi baada ya theluthi kuondolewa, na uhakikishe imeandikwa kwenye jalada la mfungwa mkiwa mmesimama hapo.